Daftari la Ndahani

Lina kurasa arobaini, jalada limeliwa na mende,
na ukurasa wa kwanza kaandika kwa wino mwekundu: KODI.
Mke wangu akauliza, ya nyumba au ya soko?
Nikamwambia, ya vidole.

Mchana nashona magunia Kibaigwa.
Mkono wa kulia una sugu za sindano;
wa kushoto kazi yake kushika mdomo wa gunia usicheke,
na sasa ndio ninaoupeleka shule.
Usiku, vumbi la mahindi bado kwenye kope,
nalaza daftari juu ya debe, nawasha tochi ya simu,
nafuata vidoto: kidole cha pili hapa, cha tatu pale,
kama mtu anayepanda karanga kwenye matuta sita.
Tuta la tano si uzi wa gitaa, ni waya wa breki.
Unalia, ila unalia kibaiskeli.

Chini ya herufi kuna maneno.
G juu ya “ulikuja”,
C juu ya “na mvua ya Desemba”,
D juu ya “mbuga ikajaa”.
Karatasi haisemi nisubiri kiasi gani
kati ya herufi na herufi.
Hilo nimejifunza kwa jirani, michi miwili kinu kimoja,
hakuna aliyewaandikia, na hawagongani.

Halafu neno “ukapita”.
Juu yake, peke yake, imekolezwa mara mbili: F.

Wanaoijua F wanaijua.
Kidole cha shahada kilale chote, kizibe nyuzi zote
kama mgambo mlangoni,
vingine vifanye kazi nyuma yake bila kunung'unika.
Mwezi wa kwanza nyuzi ziligugumia.
Wa pili ngozi ikabambuka.
Wa tatu mwanangu Nyemo akawa anaimba wimbo mzima,
na kila akifika “ukapita” anakohoa,
akidhani kikohozi kimo wimboni.

Juzi Ndahani kaja kutoka Mpwapwa kuuza alizeti.
Nikampigia nimefumba macho,
na F ikatoka, nzima, haina hata chembe ya mchanga.
“Hiyo umeitoa wapi?”
Nikafungua ukurasa.
Akacheka hadi akavua miwani.
“Hapo ni D ileile, inaendelea.
Hiyo F ni Felisia.
Alisimama safu ya pili, harusi ile ya Kongwa.
Nilijiandikia nisisahau kuinua macho.”

“Ukainua?”
Akafuta miwani kuliko vumbi lililokuwapo.
“Aliolewa Manyoni,” akasema,
kisha akaomba gitaa anionyeshe inavyotakiwa.

G. C. Mvua ya Desemba ikaja,
D, mbuga ikajaa,
na alipofika “ukapita” nikaangalia mkono wake:
kidole cha shahada kikalala chote.

Mlangoni, Nyemo akakohoa.