Herufi Tatu

Ofisi yetu ipo juu ya duka la taulo,
Imabari, mtaa ambao dereva wa teksi huuliza mara mbili.
Meza tatu, birika moja, ramani ya dunia
iliyotobolewa na pini hadi bahari imeanza kuonyesha ukuta.
Meli saba. Watu wakisikia saba
hudhani tunalalia dhahabu.
Tunalalia deni, tena kwa zamu:
benki ikigeuka ubavu, nasi tunageuka.

Babu alianza na chombo kimoja cha chumvi.
Baba akaongeza chuma, akaongeza mkopo juu ya chuma,
hadi tukawa wachukuzi wa kila kisichofungika kamba:
ngano, makaa, soya, klinka,
shehena ya kichele, ile inayomiminwa
kama mchele kwenye debe,
ila debe lenyewe karibu viwanja viwili vya mpira.

Sijalala hata usiku mmoja ndani ya mojawapo.
Nazijua kwa karatasi: ipi inadaiwa mafuta,
ipi imekwaruzwa tumbo mtoni Paraná,
ipi ilisubiri siku kumi na tisa nje ya Newcastle
ikila pesa bila kusogea.

Harunami tu ndiyo niliyoigusa.
Nilikuwa na miaka tisa, viatu vipya vinabana,
wakanipa shoka dogo la fedha nikate kamba.
Pigo la kwanza halikukata. La pili halikukata.
Mafundi wote wamesimama na kofia zao, kimya,
na baba, bila kusogeza mdomo:
"Usiiombe radhi. Kata."
Kamba ikaachia, puto zikapaa, mtu akalia.
Nadhani alikuwa mama.

Miaka ishirini na sita.
Mwezi wa tatu nimegonga muhuri chini ya mkataba,
duara jekundu, dogo kama kidonda cha sindano.
Mnunuzi hanunui meli. Ananunua uzito.
Kule Chattogram wataipandisha topeni maji yakijaa,
na watu wenye tochi za gesi wataanza na pua.

Serahangi wetu, Crisanto Gumban wa Iloilo,
alinitumia picha kabla ya safari ile.
Mwenye mali mpya alitaka jina jipya
lakini hakutaka kulipia rangi:
wakaifuta H ya mwanzo, wakazifuta M na I za mwisho,
ikabaki ARUNA.
"Madamu," akaandika, "imebaki rangi nusu ndoo.
Niirudishe kwenye hesabu?"
Nilicheka peke yangu ofisini, kisha sikucheka.

Baba yuko nyumba ya wazee, ghorofa ya nne,
dirisha linatazama mkondo wa Kurushima.
Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na majina ya watu;
majina ya meli kilimwachia.
Kila Jumapili: "Harunami iko wapi?"
Nami naipeleka.
Mwezi wa nne niliipeleka Santos ikapakia soya.
Mwezi wa tano ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema,
nikailipia mafuta kwa sarafu za uongo.
Nikaitilia na dhoruba kidogo, nisionekane nimezidisha heri.
Haijawahi kufanya kazi vizuri hivyo.

Jumapili hii sikuwahi hata kuvua koti.
Alikuwa anamenya chungwa kwa mkono mmoja,
kaligandamiza kifuani kama mtu aliyekamata kuku,
maganda yametapakaa kwenye blanketi.
Nje, meli fulani, si yetu, ilipambana na mkondo,
haisogei, haisogei, kisha ikasogea.
"Tani ngapi?" akauliza.
Nikadhani za soya.
"Chuma," akasema. "Walipima tani ngapi?"
"Elfu sita na mia tisa," mdomo ukanitangulia.
Akapiga hesabu, midomo ikitembea.
"Kwa bei ya mwezi wa tatu?"
"Ya mwezi wa tatu."
"Ungesubiri wa tano."
Akanipa nusu ya chungwa, ile kubwa.