Mstari wa Jina

Fomu ya Sindre ina mstari mmoja wa jina,
mfupi kama kidole cha mtoto.
Ameinama ukingoni mwa kijito, penseli mdomoni,
mbu wamemvaa shingoni kama skafu,
na saa inasema ni usiku wa manane, ingawa jua
bado limeketi juu ya kilima, halina haraka ya kwao.

"Huu unaitwaje?"

Ravdna anazima pikipiki ya magurudumu manne,
anashukia upande wa goti zima.
"Mwaka jana ulikuwa majani tu: fádnu.
Mwaka huu umesimama: boska.
Ukate kabla haujatoa ua, umenye, utafune.
Ukishachanua ni ukuni, usijisumbue."
"Lakini si mmea mmoja?"
"Na wewe," anasema, "ulizaliwa ukiitwa daktari?"

Mimi ninayeandika haya nilicheka peke yangu,
maana kwetu nazi haianzi kuwa nazi:
ni kidaka, ni kitale, ni dafu, ni koroma,
na anayenunua koroma akidhani ni dafu
amenunua hasira.
Nani angethubutu kumpa mkwezi mstari mmoja?

Sindre anaandika, anafuta, anaandika.
Karatasi imetoboka.
Anachora mistari mingine pembeni, kwa mkono, imepinda:
Mei. Juni. Julai.
Ravdna anamjazia upesi, kama anayetaja watoto wake:
majani machachu ya huko juu kwenye mawe,
yanayopikwa yakachanganywa na maziwa ya kulungu;
nyasi za kujaza viatu, zile za topeni tu,
za mchangani huvunjika, nawe ukapoteza kidole;
gome ambalo bibi yake alilitafuna,
akaitemea ngozi, ngozi ikawa nyekundu
na meno ya bibi pia.

"Na Septemba?"

Ravdna anaufuta mkono kwenye suruali
ingawa mkono haukuwa na kitu.
"Septemba sijui."
Kijito kinaendelea na mambo yake.
"Lori la shule lilikuja Agosti. Nilikuwa na miaka saba.
Bwenini tulijifunza maua ya ukutani,
waridi, tulipu, kwa lugha ya mwalimu,
na yetu tuliiacha mlangoni pamoja na viatu.
Nilirudi kila Juni. Kwa hiyo
kinachochipuka nakijua chote.
Kinachokauka sikijui.
Mama alikuwa na jina la boska iliyokufa wima,
ile inayobaki imesimama
mpaka theluji iipite kimo.
Alilitaja siku moja kwenye simu.
Nikasema ndiyo, ndiyo, mama, nina haraka."

Sindre hajui aiweke wapi penseli.
Ravdna anakata bua, analimenya kwa kisu
kwa mkupuo mmoja, ganda likining'inia kama utepe,
anampa nusu.
Chungu, kisha tamu, kisha chungu tena,
na ulimi unakufa ganzi kidogo pembeni.

"Yupo Issát," anasema huku akitafuna.
"Mdogo wangu. Alikuwa na kifua kibovu,
shule ikamkataa. Tulimwonea huruma.
Alibaki nyumbani vuli zote, akikata nyasi na mama.
Siku hizi hasemi na watu.
Husema na mbwa."

Anaipiga pikipiki teke. Inakohoa, inakubali.
Sindre anapanda nyuma, fomu kifuani chini ya koti,
na pale chini ya Julai ameandika *Septemba*,
akavuta mstari mrefu mpaka ukingo wa karatasi
na penseli ikamponyoka.

"Na akikataa kusema?"

"Basi tukae kimya karibu,
awaite mbwa."