Neno Moja la Kaboni Saba

Widnes, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu wa Mersey
umelalia mapipa kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa.
Nagusisha kadi langoni,
navaa miwani, glavu, buti za mpira,
kisha naingia kupika ndizi
mahali ambapo mgomba haujawahi kutia mizizi.

Mapishi yenyewe si siri:
asidi ile ile iliyo ndani ya siki ya kachumbari,
na alkoholi ya kaboni tano, masalia ya wapika pombe,
inayonuka kama soksi za mlevi.
Tone la asidi ya salfuriki liwe mshenga:
linaunganisha wawili, lenyewe halioi.
Moto. Mvuke unapanda shingo ya mtungi,
unakutana na baridi ya bomba, unajuta, unarudi.
Saa nne nzima, kupanda na kujuta.
Ndoa ikishika, maji hutoka
(ni harusi gani isiyo na machozi?)
na juu yake inaelea esta, nyepesi, angavu.
Wojtek anafungua koki:
"Tayari, Kemilembe."

Na mimi niko Kamachumu.
Baba amekunja suruali, anakanyaga ndizi mbivu
ndani ya mtumbwi wa kukamulia,
manyasi yamenasa katikati ya vidole vya miguu,
na rubisi ya kesho inaanza kunong'ona.

Pipa hili laenda kwa watengeneza peremende,
lile kwa vanishi ya fanicha, lile kwa rangi ya kucha.
Hata barakoa yangu ilipimwa kwa harufu hii:
ukiinusa, barakoa inavuja. Niliinusa.
Sikusema mara moja.

Mwezi wa pili sikio la Mutalemwa lilitunga usaha.
Mfamasia akanipa chupa ya dawa ya maji, ya njano.
Kijiko cha kwanza akakunja uso,
cha pili akakidai mwenyewe:
"Mama, ndizi!"
Mtoto ambaye ndizi anazozijua
zilisafiri kijani tumboni mwa meli,
zikaivishwa kwa gesi katika ghala lenye kufuli,
na hazinuki kitu.

Sasa sikiliza la Jumamosi.
Nilitoka zamu ya usiku bila kuoga,
nikapitia bustani za kukodi, nyuma ya reli,
nichume majani ya kabeji kabla ya mvua.
Jirani yangu wa bustani, Doreen Entwistle,
ana mizinga mitatu, na miaka themanini.
Wa kwanza alinichoma shingoni.
Nikasema, bahati mbaya.
Kisha wakaja ukoo mzima.

Nilipoteza kiatu kimoja kwenye viazi vya watu.
Doreen akanisukumia bandani, akafunga mlango,
akanikwangua miiba kwa kadi ya benki,
kumi na mmoja, akihesabu kwa sauti,
halafu akaninusa begani, akacheka mpaka akakaa chini.
Alifundisha kemia miaka thelathini.
"Nyuki akichoma," akasema, "huacha harufu hiyo hiyo
kuwaambia dada zake: adui ni huyu, pigeni hapa.
Wewe umekuja umeloa tangazo la vita."

Uso umeanza kuumuka, nikamweleza neno *paa*:
kwetu ni mnyama mwenye miguu myembamba,
ni bati linalovuja juu ya kitanda,
ni kuruka angani, ni kukwangua magamba ya samaki.
Herufi hazibadiliki. Unaangalia limekaa na nani.
Akaliandika kwa penseli ukutani mwa banda,
chini ya tarehe za kupanda vitunguu.

Nilioga mara tatu kwa sabuni ya kiwandani.
Usiku Mutalemwa akaweka pua kwenye shingo iliyovimba,
akavuta pumzi, akalala.
Mimi sikulala.
Nilikuwa nakumbuka migomba ya baba, wakati wa kukamua,
na jinsi tulivyowafukuza nyuki kwa matawi
tukidhani wamefuata utamu.