Jungu Kwanza

Mselem amefungua milango yote, na boneti,
gari limesimama yadini kama kuku anayetaka kuruka.
"Jipya kutoka Japani," asema.
Jipya, la kilomita laki moja na sitini.

Ngozi ya viti yanukia. Mimi sinusi.
Nimekuja na jungu la watu mia mbili,
na mavyaa, Bi Mwanakheri, na goti lake la kushoto,
na wanangu wanne, na mmoja wa dada'ngu.
Jungu kwanza.

Safu ya tatu imesimama: jungu limekataa,
limebaki mlangoni kama mgeni
asiyejua avue viatu au asivue.
Tukailaza safu: jungu limeingia,
watoto watatu wamebaki chini, wananitazama.
"Hapo ndipo penye swali," nikasema.
Mselem akanieleza habari ya dari linalofunguka.

Jungu likatoka, zamu ya Bi Mwanakheri.
Kaweka mguu, kautoa. Kaweka tena. Kamwita Mola.
Alipofika safu ya nyuma akajipangusa, akasema,
"Huku kuna upepo. Lakini kushuka, n'tashukaje?"

Nikavua buibui, nikalala chini ya gari.
Rangi nyeusi, mbichi, ikanishika kidole.
Jungu kuu halikosi ukoko,
gari kuu halikosi kutu:
sikatai kutu. Nakataa kutu iliyopakwa wanja.

"Lavuta tani tatu na nusu!"
Nani alilipima? Wapi?
Tela langu nalijua mimi:
majiko manne, mitungi ya gesi, meza za kukunja,
mchele magunia matatu,
na pipa la maji linalocheza nyuma
kila ukikanyaga breki.
Harusi zangu ziko Mtongwe, ziko Shika Adabu,
na huko ni kwa feri,
na maji yakipwa, mteremko wa kivukoni huwa ukuta,
vigari vitupu hupanda vikilia,
na nyuma yako umati, na honi,
na bahari haina breki ya mkono.

Muhaji, mume wangu, ameukumbatia usukani,
kimya, uso wa mtoto siku ya Idi.
Hajauliza mafuta. Nimeuliza mimi.
Lita moja, kilomita sita.
Likivuta?
Mselem akatazama simu yake.

Deni la miezi thelathini na sita
ni sahani ngapi za pilau?
Na Ramadhani haina harusi.

"Bei tuiache ilale," nikamwambia.
"Keshokutwa ni bamvua, maji yatapwa saa nne.
Lete gari Likoni, mimi n'taleta tela, limejaa.
Likipanda bila kurudi nyuma hata shibiri,
hapo nitakuuliza habari ya hilo dari."

Tukafunga milango, tukapeana mikono.
Kioo cha nyuma kikagongwa, ko, ko:
"Na mimi je? Nilale humu?"