Pipa la Kumi na Mbili

Fomu ina kurasa tisa. Wa kwanza wauliza
jina la mradi: jengo la biashara, ghorofa sita,
maegesho chini ya ardhi, benki, duka la viatu,
pahali pa watoto kurukaruka juu ya mipira.
Wa pili wauliza palikuwa na nini hapo awali.

Palikuwa na bohari la pamba, barabara ya Kibos,
paa la asbesto lililopauka kama magamba ya mbuta,
na nyuma yake chumba kisicho na dirisha
ambamo dawa ya viwavi ilisubiri misimu
ambayo haikuja tena baada ya kinu kufungwa.
Harufu yake haijastaafu.
Inakukaba koo kabla hujasalimu.

Mimi ni afisa wa afya ya mazingira. Nina buti,
barakoa, futi ya kupimia, chupa kumi na nne za sampuli,
na suruali ambayo mama mkwe haipendi.
Nimeandika: vipande vya paa vilowanishwe kwanza,
visivunjwe, vifungwe nailoni mara mbili,
viandikwe kwa wino usiotoka kwa maji.
Nimeandika: udongo uchimbwe mita moja na nusu,
upelekwe maabara kabla ya sululu ya kwanza ya msingi.
Nimeandika: mapipa, kumi na moja. Manne yanavuja.

"Daktari," akasema Wekulo, msimamizi wa mradi
(huniita daktari akiwa na haja),
"udongo ni udongo. Mvua imeuosha miaka ishirini."
Nikamuuliza: uchafu ukaoshwa ukaenda wapi?
Akatazama saa yake.
Nje ya ukuta, upande wa mteremko,
sukuma wiki za Obunga zimenawiri kupita kiasi.

Aliyenishikia futi ni Ogweno, mlinzi.
Ameulinda uwanja huu tangu kinu kinyamaze,
usiku kwa tochi, mchana kwa uvumilivu,
mshahara ukija pale unapotaka wenyewe.
Kibanda chake ni kisafi. Kando ya mlango
pipa la samawati limekaa chini ya mfereji wa paa,
paa lilelile,
na juu ya maji kikombe cha plastiki kinaelea kama bata.

"Hili ulilitoa wapi?"
"Chumba cha nyuma. Lilikuwa tupu.
Nililiosha, nyathina. Majivu, kisha ndimu, kisha jua siku tatu."
Chini ya rangi iliyobambuka, fuvu la kichwa
na mifupa miwili bado vinacheka.
"Hicho kichwa," akasema, "watoto wangu walikiita Mjomba."

Fomu ina visanduku: hatari ndogo, ya wastani, kubwa.
Haina kisanduku cha miaka sita ya uji,
cha sare za shule zilizofuliwa Jumapili,
cha Akeyo, kitinda mimba, aliyenunuliwa miwani
kwa kichwa kisichokoma kuuma.
Nikaandika pambizoni, herufi ndogo, kalamu ikikwaruza,
nikapinda kona ya karatasi pamoja na maneno,
nikarudi juu kichwa chini miguu juu.

Ogweno akalishika pipa ukingoni ili ayamwage.
"Usimwage!"
Sauti yangu ilinishtua mwenyewe.
Akasimama, pipa limeinama, maji yakichungulia.
"Sasa nisipoyanywa, na nisipoyamwaga,
niyafanye nini?"
Upepo wa ziwa ukapita kati yetu
ukiwa na majibu ya mambo mengine.

Tukatafuta kifuniko, tukakifunga kwa waya.
Wekulo akasema: yote haya kwa ndoo tatu za mvua?
Nikampa fomu. Sahihi yangu haikuwamo;
mahali pake pametobolewa na kalamu.

Lebo zilikuwa zimebaki mbili. Moja nikaibandika
juu ya Mjomba, usawa wa meno.
Yaliyomo: maji. Yametoka: paani.
Mwenye mali... hapo Ogweno akasogea,
akafuta mikono kwenye koti, akaiomba kalamu,
na mkono uliozoea daftari la magari ya getini
ukaandika jina lake, kisha saa ya kuingia,
na penye saa ya kutoka akaweka kistari.