Pipa la Arobaini na Moja

Baba alikeneka wiski miaka thelathini na mitatu
na hakumeza hata funda.
Alikuwa shemasi wa Kibatisti, bondeni Pottle, Kentaki.
Wiski mpya aliimimina kiganjani,
akaisugua kama mtu apakaye mafuta,
akainusa mpaka kwenye kifundo cha mkono,
kisha akasema, "Bado."
Au, mara chache, "Haya."

Mengine yote ni kazi tu.
Mahindi magunia saba, rai mawili, kimea kimoja,
maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya chokaa,
machicha ya jana yakichachusha ya leo
kama ugomvi katika nyumba ya urithi.
Mtambo wa shaba aliufua babu yake, Lemuel.
Kile kiraka begani ni cha mwaka ule
askari wa serikali walipokuja na mashoka:
walipiga mara moja, Bibi Orpha akawakatia pai ya tufaha,
wakasahau kupiga ya pili.
Ndivyo tunavyosimulia.
Huenda walilipwa.

Kichwa cha mvuke humwagwa, ni sumu;
mkia hurudishwa mtamboni;
moyo ndio utiwao katika pipa jipya la mwaloni,
lililounguzwa ndani hadi likawa ngozi ya mamba.
La arobaini na moja Baba alilijaza Oktoba,
akaandika tarehe kwa chaki,
akafa Jumanne iliyofuata.

Miaka tisa, orofa ya juu ya ghala, kwenye joto.
Leo mimi na Thurman tumelishusha.
Likaja jepesi mno, tukatazamana.
Mama akaligonga kwa kidole, kutoka juu,
ko, ko, ko,
likaitika utupu hadi chini ya kiuno.
Ya jirani yake yamepungua thuluthi,
hilo ni fungu la malaika, halina mdai.
Lakini hili?
Tukatafuta tundu kwa tochi.
Hakuna tundu. Hakuna hata doa.

Mama akakalia ndoo, akacheka hadi akavua miwani.
"Shemasi," akaiambia dari,
"umejilipa yote, na riba juu."

Kilichobaki kilikuwa cheusi kama asali ya nyuki wadogo.
Nikakimimina kiganjani, nikasugua, nikanusa:
kiti cha lori lake, bunzi lililoungua,
mvua ya kwanza juu ya vumbi.

Thurman akauliza, "Haya?"

Nikalamba kiganja.
"Bado," nikasema,
nikakinga tena.