Dole Gumba la Arobaini na Mbili

Kazi yangu ni kuhesabu malori.
Nakaa ndani ya kontena la bluu, Lwera, kando ya barabara ya Masaka,
na kila lori la mchanga likitoka navuta mstari daftarini:
minne imesimama, wa tano unalala juu yao kama mgonjwa.

Fundi wa pampu ni Qiu Wenbin.
Kiganda hajui, Kichina changu ni salamu mbili,
basi tunakutana kwenye Kiswahili.
Yeye alikiokota Morogoro, kwenye ujenzi wa barabara,
mimi kambini Mubende, kwa baba yangu sajenti.
Chake kina naomba na samahani.
Changu kina simama, kaa chini, toa kitambulisho.

Siku moja nilimwambia: mamba wamekufa.
Akaruka, akachungulia shimo,
akauliza kama walikuwa wakubwa, kama wanauma.
Nikacheka, hadi nikakumbuka si la kuchekesha.
Mamba wa Kiganda, nikamwambia, ni samaki.
Anapumua hewa kama wewe,
kiangazi anajizika topeni akingoja mvua,
na ukoo wa mama yangu hawamli, kwa kuwa ni ndugu.
Sasa tope lenyewe limepanda lori,
limekwenda Kampala kuwa ghorofa.

Jumanne Nalongo Nakitto alikuja na karatasi.
Matuta yake ya viazi yameteremka shimoni, saba kwa usiku mmoja,
na kisima kina rangi ya chai ya maziwa.
"Wewe umesoma," alisema. "Tazama kama tumekosea."
Hawakukosea.
Chini palikuwa na madole gumba arobaini na moja, wino wa zambarau,
mengine yamekanyagana,
moja dogo mno, nadhani la mjukuu
aliyeona watu wanachovya, naye akachovya.

Qiu aliitazama karatasi ile
muda mrefu kuliko mtu asiyejua kuisoma.
Kwetu, alisema, wino ni mwekundu.

Halafu yakaja vipande vipande, huku akifuta spana ambayo ilikuwa safi:
kijiji cha mama yake, Jiangxi, kiwanda cha rangi juu ya mto;
mchele uliopikwa ukanuka betri;
mama aliyepanda treni mara tatu kwenda mji mkuu,
malalamiko ameyakunja ndani ya soksi.
Mara ya tatu alirudi na vijana wawili wenye adabu.
Walimbebea begi hadi mlangoni,
wakabaki mlangoni. Miezi miwili.
Mwalimu aliyepiga picha za samaki waliokufa,
simu yake iliita, ikaita, mwisho ikaacha kuita.
"Sheria tunazo," Qiu alisema. "Nzuri. Karatasi nzito."

Na mto?

Mto ulisafishwa. Kweli, ulisafishwa, baada ya miaka tisa.
Wakubwa walipigwa picha wakimwaga vifaranga vya samaki.
Mama hakuwemo pichani.
Alikuwa nyumbani, anaambiwa apumzike.

Nilitafuta neno. Kambini neno la hapo hawakutupa.
Nikasema pole, likatoka kama amri.

Kibali kilichobandikwa ukutani kinasema mita mbili na nusu.
Qiu akafungua daftari la kina cha bomba, akaliacha mezani,
akasema anatoka kidogo kuvuta sigara.
Havuti sigara.

Nilinakili nyuma ya bahasha ya mshahara.
Tisa. Tisa na nusu. Kumi na moja.
Jioni, kwa Nalongo, walinipa kalamu,
kwa heshima ya shule niliyosoma.
Nikairudisha.
Nikachovya.

Sabuni haikuutoa, wala ndimu, wala mafuta ya taa.
Asubuhi malori yalikuwa sitini na mawili.
Niliyahesabu yote,
dole gumba nimelifungia ndani ya ngumi,
na Qiu alipopita dirishani
hakuuliza kwa nini leo mistari yangu imepinda,
kwa nini naandika kwa mkono wa kushoto.